Ndege Isiyofika Shubiri

Mama mmoja ameniuliza iwapo ni israfu mwanawe kukaa juma zima akiiunda ndege ya plastiki isiyofika shubiri.

Ndege hizo huundwa kwa kipimo cha 1 kwa 144, yaani milimita moja mezani ni sentimita 14.4 katika ndege yenyewe. DC-3, yenye mita 29 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, huwa sentimita 20 tu. Hapo ndipo penye kazi. Rangi ikizidi uzito kidogo, hufunika mistari ya mabati. Uzi wa cherehani ukifanywa antena, huonekana kama bomba la maji. Basi fundi hupasha plastiki moto mshumaani, akaivuta hadi ikawa mfano wa unywele. Subira hiyo, mama, simu haimfunzi.

Chombo hakina roho. Na Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mabawa mawili ya viraka, Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, akamtajia farasi wa Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka. Israfu ni kununua ya pili kabla ya kuimaliza ya kwanza.

Mimi nahofia gundi. Huyeyusha plastiki, na mvuke wake hudhuru. Afungue dirisha, wala asigundishe chumbani alalamo mtoto mchanga. Vipande visiachwe mkekani. Adhana ikilia, rangi na iachwe ikauke. Muda huo watosha kwenda msikitini na kurudi.