Njaa Isiitwe Amani

Katika vitabu vingi vya tarehe ya Uingereza imeandikwa ya kwamba William wa Normandi, baada ya kuishinda nchi ile katika mwaka 1066, aliituliza sehemu yake ya kaskazini. Neno hili ni fupi, ni laini, na ni la uongo. Mtoto hutulizwa kwa kubembelezwa, na bahari hutulia upepo ukikoma. Lakini nchi iliyochomewa ghala zake, ikachinjiwa mifugo yake, ikavunjiwa majembe yake katikati ya kipupwe, haikutulizwa. Ilinyamazishwa. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na neno hilo katika kitabu cha kigeni, asilichukue kama alivyolikuta. Kiswahili kina kutuliza, kina kunyamazisha, na kina kuangamiza. Naye mwenye kuchagua mojawapo amekwisha kutoa hukumu, apende asipende.

Hukumu iliyo ya haki huanza na mambo yenyewe. Vita vya Hastings, tarehe 14 Oktoba 1066, vilimpa William taji, havikumpa nchi. Alitawazwa Westminster siku ya Krismasi ya mwaka ule ule, ilhali ng'ambo ya mto Humber ilikuwako Northumbria, nchi kubwa ambayo mji wake mkuu ulikuwa York. Wakazi wake wengi walikuwa na damu ya Wadeni, nao walikuwa na mabwana wao na desturi zao wenyewe. Katika mwaka 1065, mfalme angali Mwingereza, watu hawa walimfukuza Tostig, liwali wao, kwa ajili ya kodi nzito na jeuri yake, ijapokuwa alikuwa ndugu wa Harold, mtu mwenye nguvu kuliko wote baada ya mfalme. Watu waliomkataa mwenye lugha yao wenyewe hawakuwa na sababu ya kumpokea asiyejua hata kuwaamkia.

Njia ya kwanza ya William ilikuwa rahisi: kutawala kwa mkono wa mwenyeji aliyenunuliwa. Katika mwaka 1067 alimpa uliwali Copsi, aliyekuwa mtu wa Tostig. Copsi hakumaliza wiki nyingi kabla ya kuuawa. Baadaye cheo kile kilinunuliwa kwa fedha na Gospatric, naye katika mwaka 1068 akawa miongoni mwa waasi. Ndipo William alipokwenda kaskazini mwenyewe, akijenga ngome njiani, mmoja ya hizo katika York. Mnamo Januari 1069 alimpeleka Durham liwali mwingine, Robert de Comines, pamoja na mamia ya askari. Usiku wenyeji waliwavamia, wakawaua njiani na majumbani, na Robert akafa katika moto wa nyumba ya askofu. York nayo ikaasi. William akarudi mbio, akawatawanya waasi, akajenga ngome ya pili.

Hapa ndipo penye kosa la kwanza la wale wasifuo hekima ya Wanormani. Husemwa ya kwamba Kaskazini ilishikwa kwa ngome: kilima cha udongo, boma la miti juu yake, askari wachache ndani, na nchi nzima ikatii. Lakini ngome za York zilikuwa mbili, si moja, na zilisimama pande mbili za mto Ouse. Mnamo Septemba 1069 merikebu zaidi ya 200 za mfalme wa Wadeni ziliingia Humber, na wenyeji wakaungana nazo chini ya Edgar, mrithi wa ukoo wa wafalme wa zamani, na mabwana Gospatric na Waltheof. Askari wa ngome walizichoma moto nyumba zilizokuwa karibu ili adui asizitumie. Moto ukawashinda, ukala mji na kanisa kuu. Tarehe 21 Septemba ngome zote mbili zilianguka. Mtu akidai ya kwamba ngome ndiyo iliyoishika Kaskazini, na aeleze kwanza siku hiyo.

Kilichofuata hakikuwa vita. William alimpa kwa siri fedha mkuu wa merikebu za Wadeni ili asipigane. Waasi wakatawanyika milimani na misituni, wala hapakuwa na jeshi mbele yake la kushindwa. Basi akaligeukia shamba. Katika majira ya baridi ya mwaka 1069 na 1070 vikosi vyake vilienezwa katika nchi kwa amri moja: chakula kikusanywe na kuteketezwa pamoja na mifugo, vyombo na zana za kulimia. Mauaji ya upanga yalikuwako, lakini upanga haukuwa silaha kubwa. Silaha kubwa ilikuwa hesabu ya miezi. Mkulima aliyechomewa nafaka yake mwezi wa Desemba hana cha kula mwezi wa Februari, hana mbegu mwezi wa Machi, hana ng'ombe wa kuvuta plau, wala hana mavuno mwaka unaofuata. Krismasi ya mwaka ule William aliifanya York, katika mji ulioungua, akiwa amevaa taji aliloagiza liletwe kutoka Winchester.

Habari za miezi iliyofuata zimeandikwa na watu wa dini. Katika Durham iliandikwa ya kwamba kati ya mji huo na York hapakuwa na kijiji chenye watu, na kwamba ardhi ilikaa miaka tisa bila ya kulimwa. Katika Evesham, mbali sana kusini, watawa walieleza jinsi wakimbizi walivyofika mlangoni kwao, na jinsi wengine walivyokufa baada ya kufika, wasiweze tena kupokea chakula walichopewa. Orderic Vitalis aliandika ya kwamba waliokufa kwa njaa walizidi 100,000.

Watetezi wa William wana majibu mawili kwa haya, na yote mawili yastahili kupimwa. Jibu la kwanza ni kwamba hayo yalikuwa desturi ya vita vya zama zile, na kwamba si haki kumhukumu mtu wa karne ya 11 kwa dhamiri ya watu wa leo. Lakini dhamiri iliyomhukumu William haikuazimwa kutoka leo. Orderic alizaliwa mwaka 1075, miaka mitano tu baada ya mambo haya. Baba yake alikuwa kasisi wa Kifaransa na mama yake Mwingereza. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi alipelekwa Normandi, akaishi huko katika nyumba ya utawa ya Saint-Évroult, akala mkate wa Wanormani na kuyasifu mengi ya mfalme wao. Alipofika katika habari hii alikataa kusifu. Alisema waziwazi ya kwamba jambo la kuwaua kwa njaa wasio na hatia pamoja na wenye hatia haliwezi kutetewa, na kwamba Mungu hataliacha bila ya adhabu. Mtu huyu hakuwa adui wa William, wala hakuishi zama nyingine. Kumbe kipimo kilikuwako, na William alipungua katika kipimo hicho.

Jibu la pili ni la wataalamu, nalo lina nguvu zaidi. Lahusu Kitabu cha Domesday, daftari kuu la ardhi na kodi lililofanywa kwa amri ya William mwaka 1086. Katika kurasa za Yorkshire neno moja la Kilatini hurudi tena na tena kando ya majina ya vijiji: wasta, ambalo Kiswahili kinaweza kulieleza kwa neno lake lenyewe, mahame. Wataalamu wengine wameonya ya kwamba neno hilo halina budi kusomwa kwa hadhari. Huenda karani alilitumia mahali pasipotoa kodi, au pasipopatikana habari. Wameonya pia ya kwamba jeshi moja halikuweza kukifikia kila kijiji katika majira mamoja ya baridi.

Maonyo hayo ni ya haki, na hapana ulazima wa kuishika ile 100,000 kana kwamba ilihesabiwa kichwa kwa kichwa. Watawa waliandika idadi kubwa wakiwa na maana ya watu wengi mno. Lakini kutoka hapo mpaka kusema ya kwamba msiba ulikuwa mdogo ni hatua ambayo ushahidi hauiruhusu. Moto haukuhitaji kufika kila kijiji. Njaa ina miguu yake: waliochomewa hukimbilia kwa wasiochomewa, wakala mbegu za majirani, na wote wakakosa pamoja. Na hata neno mahame likiwa na maana tu ya mahali pasipotoa kodi, swali labaki palepale: kwa nini mamia ya vijiji, miaka 16 baadaye, hayakuwa na cha kumpa mfalme aliyejulikana kwa kutosamehe kodi?

Juu ya uwanja huo mtupu ndipo ngome zilipopata kazi. Alan Rufus alipewa nchi iliyokuja kuitwa Richmond; Ilbert de Lacy akapewa ile ya Pontefract; Drogo akapewa Holderness. Kusini, bwana Mnormani aghalabu alirithi mashamba yaliyotawanyika huku na huko kama alivyoyaacha Mwingereza aliyemtangulia. Kaskazini maeneo haya yalikatwa vipande vikubwa vilivyoshikana, ambavyo askari wa ngome moja waliweza kuvilinda. Mkato wa namna hiyo ni mgumu kufanywa mahali ambapo wenye ardhi wako hai, wana nguvu, na wana ndugu wa kuwatetea. Kanisa nalo liliwekwa katika mikono ile ile: Thomas wa Bayeux akawa askofu mkuu wa York mwaka 1070, na Walcher wa Lorraine akawa askofu wa Durham mwaka 1071. Na yapata mwaka 1070 huo huo, nyaraka za mfalme, ambazo hapo mbele zilikuwa zikiandikwa kwa Kiingereza, zilianza kuandikwa kwa Kilatini. Mwenyeji aliyenyang'anywa shamba hakuweza tena kuisoma wala kusomewa kwa lugha yake amri iliyomnyang'anya.

Je, hata hivyo nchi ilitulia? Waltheof, aliyesamehewa na kuozwa mpwa wa mfalme, alikatwa kichwa mwaka 1076. Walcher akaongezewa uliwali juu ya uaskofu, na mwaka 1080 watu wakamuua Gateshead. Wanormani walirudi tena na moto, wakaharibu nchi mara ya pili, wakajenga ngome mpya juu ya mto Tyne, iliyoupa mji wa Newcastle jina lake. Miaka kumi baada ya njaa kuu, ridhaa ilikuwa bado haijapatikana. Kilichopatikana ni kwamba hapakuwa tena na bwana wa kienyeji mwenye ghala, farasi na watu wa kutosha kuongoza maasi. Ngome ilikuwa kufuli tu. Kabla ya kufuli kutiwa, nyumba ilikuwa imekwisha kutolewa wenyewe.

Wako wanaouliza: na uzuri uliofuata, je? Kanisa kuu la Durham, lililoanza kujengwa mwaka 1093, ni moja ya kazi bora za mikono ya binadamu, na anayelibeza hujidhuru mwenyewe. Lakini sifa ya jengo ni ya waashi. Haiwezi kupokewa na mfalme kama malipo ya watu waliokufa njaa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji hakupona.

Basi mwanafunzi wa tarehe, na hasa yule ambaye kesho ataandika vitabu vya tarehe kwa Kiswahili, ana kazi iliyo wazi. Kila aonapo imeandikwa ya kwamba nchi fulani ilitulizwa, na aulize ghala zilikuwa na nini mwaka ule, mbegu zilikwenda wapi, na ni nani aliyeandika habari. Akijibiwa ya kwamba ghala ziliteketezwa kwa amri, neno kutuliza na alifute, aandike lililotendeka.