Nukta Tatu za Hati ya Wakfu

Hati ya wakfu ya msikiti wetu, hapa Kisarawe, iliandikwa na wazee kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Tulipoipeleka Kibaha kunakiliwa kwa kompyuta, herufi ya “ch”, yaani jimu yenye nukta tatu, haikuwamo katika fonti. Mchapaji akaweka jimu ya kawaida. Shamba lililo “chini ya mwembe” likasomeka “jini ya mwembe”. Tulicheka, lakini mpaka wa wakfu si jambo la mzaha.

Dawa ipo, nayo ni bure. Fonti iitwayo Amiri, kazi ya Khaled Hosny wa Misri, imefufua herufi za Matbaa ya Bulaq, Cairo, za mwanzoni mwa karne ya 20. Humo zimo پ, چ na ڤ, ambazo abjadi ya Kiarabu haina, ilhali Kiswahili kinazihitaji.

Mwenye daftari la babu na alinakili kabla mchwa hawajamtangulia, kisha nakala isomwe mbele ya mzee aijuaye hati ya asili. Wakfu ni amana, na amana hulindwa hata kwa nukta.