Pombe Si Chai, na Gari Si Safari

Kuna swali moja nawaomba wasomaji mlibebe kila mnapofungua makala ya safari za bia: nani alikuwa anaendesha?

Makala hizo mnazifahamu. Mwandishi anatua uwanja wa ndege, anachukua gari la kukodi, halafu kwa siku moja anatupitisha viwanda vidogo vitano vya bia. Hapa kaonja ya ngano, pale kapiga nyeusi, kule kakutana na mpika bia mzee mwenye ndevu. Kila glasi ina aya yake, povu limesifiwa, harufu ya kimea imefananishwa na mkate wa moto. Kati ya aya moja na nyingine, eti tumeshafika kijiji kingine. Usukani hautajwi. Ama mwandishi kaendesha akiwa amelewa na anatuficha, ama kalamba matone mawili na anatudanganya kwamba kanywa, ama kuna mtu pembeni, mke au rafiki, aliyeshinda na soda kutwa nzima na hakupewa hata sentensi moja. Vyovyote iwavyo, kuna kitu tumefichwa. Na sisi tunaojiita watu wa fasihi, ambao kwenye riwaya tunamsaka msimulizi asiyeaminika mpaka chini ya kitanda, hapa tunameza tu.

Msimamo wangu ni huu: safari ya bia ipangwe bila gari. Sisemi "ikiwezekana". Kama kiwanda hakifikiki kwa treni, kwa basi au kwa miguu, basi hakimo kwenye safari yako, na hakuna kilichoharibika.

Tuanze na hesabu, maana hapo ubishi huwa mfupi. Watu wa mtaani walishasema pombe si chai. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kileo. Ukinywa nne tangu mchana hadi jioni, na kwa mtu aliyesafiri kwa ajili ya bia nne si nyingi, una gramu 80. Ujerumani, ninakoishi, dereva wa kawaida hatakiwi kufikisha 0.5 kwa elfu katika damu. Aliyepata leseni karibuni, au ambaye hajafikisha miaka 21, haruhusiwi kunywa kabisa. Mtu wa kilo 70 mwenye gramu 80 mwilini anakipita kiwango hicho mbali, hata akikaa saa kadhaa akila nyama na viazi. Baiskeli nayo si mlango wa uani: ukifika 1.6 ni kosa la jinai, na chini ya hapo pia unaweza kushtakiwa ukianza kuyumba barabarani. Aliyegongwa hafufuki kwa sababu makala ilikuwa na tashbihi nzuri.

Nitajibiwa: "Mimi huonja tu." Sawa. Lakini mtu anayeonja tu kwa kuwa ufunguo wa gari uko mfukoni ni sawa na mhakiki aliyesoma jalada la nyuma akaandika uhakiki wa kitabu kizima. Bia za kienyeji za huku hazikutengenezwa kwa ajili ya tone moja. Glasi ya kwanza ya bia ya moshi inakukera, ya pili unaanza kuielewa, ya tatu ndo unajua kwa nini watu wanaipenda. Hakuna anayeyajua hayo kwa kulamba.

Sasa twende Bamberg, nisije nikaambiwa nahubiri hewani. Naishi Nuremberg, na treni ya mkoa hufika Bamberg kwa muda usiozidi saa moja. Kuna tiketi ya siku ya jimbo, Bayern-Ticket, ambayo watu hadi watano hugawana gharama yake, mradi mpande treni za mkoa na, siku za kazi, msianze safari kabla ya saa tatu asubuhi. Mji una wakazi zaidi ya 70,000 na viwanda vya bia vya kutosha kumchosha mtu mwenye miguu mizima. Kanuni yangu ya kupanga ni moja: anza mbali, malizia karibu na stesheni. Ukishuka, usikimbilie mji mkongwe. Tembea kama dakika ishirini hadi mtaa wa Wunderburg, ambako Mahrs Bräu na Keesmann wanatazamana kama majirani wanaochungana. Kwa Mahrs waagize "U", herufi hiyo tu, nao wataelewa. Kula hapo, kula sawasawa.

Kutoka hapo teremka kuelekea mtoni, uvuke, uingie Schlenkerla. Nyumba hiyo inatajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1405, na bia yake hupikwa kwa kimea kilichokaushwa juu ya moto wa kuni. Jina lenyewe linanichekesha kila mara: inasimuliwa kwamba lilitokana na mpika bia mmoja wa zamani aliyekuwa akitembea huku akiyumba na kutupatupa mikono. Jamani, kilabu mashuhuri kuliko vyote mjini kimeitwa kwa mwendo wa mtu, halafu wewe unakuja na gari! Ukitoka, rudi upande wa stesheni hadi Obere Königstraße. Huko Spezial, wa tangu 1536, na Fässla, wa tangu 1649, wametenganishwa na barabara tu. Spezial nao wana bia ya moshi, ila yao ni ya upole zaidi. Ukimaliza, stesheni iko umbali wa dakika kumi hivi. Treni ndiyo dereva wako, na haijanywa.

Angalieni kilichotokea hapo. Kati ya glasi na glasi kulikuwa na daraja, kilima, mvua pengine, na bibi wa dirishani akikutazama. Mwili ulipata muda wa kupunguza kileo na akili ikapata muda wa kulinganisha. Kwa lugha yetu, safari ilipata msuko. Gari halina msuko, lina orodha. Ndiyo maana makala za gari hufanana: ukibadilisha majina ya vijiji, hakuna atakayegundua.

"Na vijijini je?" Swali zuri, maana Franconia haiishii Bamberg. Chukua Aufseß, jumuiya yenye watu wasiofika 1,500 na viwanda vinne vya bia, ambayo Guinness iliwahi kuitambua kwa kuwa na viwanda vingi zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Wenyeji walifanya nini? Waliunganisha viwanda vyote vinne kwa njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 14 hivi, inayopita mashambani na msituni. Kufika kwenyewe ndo kazi. Reli ya kawaida inaishia Ebermannstadt, na ukitoka hapo unategemea mabasi, ambayo kwa watalii ni afadhali wikiendi na sikukuu za majira ya joto. Kwa hiyo tafuta basi la mwisho la kurudi kabla hujatafuta bia ya kwanza, kisha uliza kila kiwanda hufunga siku gani, maana vijijini wana siku zao za mapumziko na hawambembelezi mtu. Basi likikushinda, lala kijijini. Kulala palepale ulipolewa ni desturi ya zamani kuliko gari.

Nakubali kwamba si kila mtu anaweza kutembea kilomita 14. Mzee, mlemavu, mwenye mtoto mgongoni, hao siwapigii kelele. Wapange kiwanda kimoja, wapande teksi, wakae jioni nzima. Ninaowapinga ni wazima wa miguu wanaotaka vitano kwa siku ili wahesabu, kama anayejisifu kwa vitabu mia alivyofungua bila kumaliza hata kimoja. Na dereva wa zamu? Kama yupo na amekubali kwa moyo, mshukuruni, mlipieni chakula, na mwandikeni kwenye makala. Yeye peke yake ndiye anayekumbuka yote.

Lakini nadhani tatizo letu sisi Waswahili halipo kwenye ratiba. Lipo kwenye aibu. Wageni wangu kutoka nyumbani wakija huku, siku ya pili tu swali linatoka: "Mjomba, kwani huna gari?" Ninapowaambia tutakwenda kwa treni, nyuso zinaniambia nimefeli Ulaya. Basi ni la maskini, miguu ni ya aliyekosa nauli. Na picha ya kutuma nyumbani ni ya mtu ameegemea mlango wa gari, hata la kukodi. Wapo walio radhi kuhatarisha shingo zao na za wenzao ili wasionekane kituoni.

Aibu hiyo ni ngeni kwetu. Hebu litazameni neno safari. Walipolichukua Waingereza katika karne ya 19, lilikuwa na maana ya misafara ya miguu: wapagazi waliotoka Bagamoyo hadi Ujiji, zaidi ya kilomita 1,000, mizigo kichwani. Leo huko duniani neno letu lina maana ya kukaa ndani ya gari refu na kuchungulia wanyama kwa juu. Tumenyang'anywa neno, tukarudishiwa likiwa na magurudumu, nasi tukashukuru.

Na tazameni pombe yetu wenyewe. Huku kwetu Kilimanjaro mbege ya ndizi na ulezi haikuhitaji kiegesho cha magari. Ulikwenda kilabuni kwa miguu, kata ikazunguka, ukarudi kwa njia ya migombani ukimsalimia kila uliyempita. Watu walilewa, siwapambi, na wengine walilala mtaroni. Lakini umbali wa kilabu ulipimwa kwa miguu ya mlevi. Wafranconia nao wanapima hivyohivyo. Anayeona hapo umaskini hajaangalia vizuri.

Kwa hiyo nawaambia waandishi wenzangu wa makala za safari: aya ya kwanza mtueleze mlikwendaje, na aya ya mwisho mlirudije. Tiketi gani, basi la saa ngapi, na mlikosa nini kwa kulisubiri. Mkishindwa kuyaandika hayo bila kuona haya, msituletee povu. Na wasomaji, makala ikikosa jibu, msiigawe kwa wenzenu kabla hamjamuuliza mwenyewe: bwana, nani alikuwa anaendesha?