Kutosha Programu Hakutoshi

Katika Kiswahili sanifu, kitu kikitosha kimefika kiasi kinachotakiwa. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kutosha ni kuondoa: tosha kiti pale, tosha sufuria kwenye moto. Aliyesoma sarufi hashangai, maana toka huzaa tosha kama waka inavyozaa washa, na anguka inavyozaa angusha. Ni kukifanya kitu kitoke, basi. Kwa programu za kompyuta, Kiswahili sanifu kina neno lake: kusanidi ni kuiweka, kusanidua ni kuiondoa. Hiyo ni kauli ya kutendua, ndugu ya fungua na kunjua, na inaahidi mengi: mkeka uliokunjwa ukikunjuliwa hurudi ulivyokuwa. Mimi naona kitenzi chetu cha Lubumbashi ni cha kweli zaidi. Programu inatoka, lakini nyumba hairudi ilivyokuwa.

Nasema hivi kwa sababu ya kompyuta tunazotumia kwa pamoja hapa fakulte. Kuna wanaofuta kipicha kilicho kwenye uso wa skrini wakaondoka wakiamini wamemaliza. Kipicha kile ni njia ya mkato tu. Programu yenyewe haikuguswa. Wengine wanafanya vizuri zaidi: wanaingia «Paramètres», kisha «Applications», wanabonyeza «Désinstaller». Hiyo ndiyo njia sahihi ya kuanzia, ila si mwisho wa kazi. Programu nyingi huacha dosie zake katika ProgramData, au katika AppData, ambayo Windows huificha ndani ya dosie ya kila mtumiaji.

Tuchukue vyombo vya kazi yetu. FieldWorks ya shirika la SIL, tunayoitumia kutunga kamusi, huweka miradi katika C:\ProgramData\SIL\FieldWorks\Projects. Ukiiondoa programu, miradi inabaki. ELAN huandika fishie ndogo yenye mwisho .pfsx kando ya kila fishie ya unukuzi. Praat haina hata cha kusanidua: ni fishie moja unayoifuta, lakini mipangilio yake inabaki katika dosie nyingine.

Si uzembe wa waliozitengeneza. Mtu akiondoa toleo la zamani ili aweke jipya, anataka kuikuta kazi yake. Kwa hiyo programu haiwezi kuamua kwa niaba yetu ni kipi takataka na kipi ni kazi ya miaka miwili. Uamuzi huo ni wetu, na hatuufanyi.

Muhula uliopita niliweka FieldWorks katika kompyuta ya pamoja iliyosemekana kuwa ni safi. Ilinionyesha mara moja mradi wa mwanafunzi aliyenitangulia. Chini ya orodha ya maneno kulikuwa na masimulizi ya mzee mmoja wa kijiji kuhusu ugomvi wa mashamba kati ya jamaa mbili, na jina lake limeandikwa juu. Mzee yule alikubali kusema mbele ya mwanafunzi mmoja aliyeketi naye. Mimi hakunijua, wala hakujua kwamba kila atakayekalia kiti kile ataweza kusoma maneno yake. Tunafundishwa kuomba ruhusa kabla ya kurekodi. Ruhusa ile haikuwa ya kuacha sauti za watu popote tunapopita.

Najua jibu linalotolewa: kompyuta ikijaa, tuifomati. Ndiyo, lakini kufomati hakuchagui. Kunafuta takataka pamoja na memwari ya mwenzetu ambaye hakuwa na nakala. Tena kuna wanaohangaikia mabaki ya rejista, wakipakua programu za kuisafisha. Mabaki hayo ni madogo sana, na anayefuta mstari usiofaa huko anaweza kuiharibu Windows yenyewe. Tuhangaikie dosie, kwa maana ndimo walimo watu.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mwanafunzi awe na akaunti yake yenye neno la siri, na miradi yake aihifadhi humo, si mahali pa wote. La pili, kuwe na daftari kando ya kila kompyuta: nani ameweka programu gani, lini, na kazi yake iko dosie gani. La tatu, somo la mbinu za utafiti nyanjani liwe na saa moja ya kufunga kazi, kwa utaratibu huu: nakili miradi na sauti katika fleshi au diski ya nje, fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka, sanidua programu, futa dosie zako zilizobaki, mwisho, mwaga «Corbeille», maana kilichomo bado kipo.

Hakuna kati ya haya kinachodai fedha nyingi. Daftari tunaweza kulinunua wenyewe wiki hii. Saa moja katika somo, hiyo tunaiomba kwa walimu wetu, kabla kundi lijalo halijaenda vijijini.