Elimu Haiuzwi? Basi na Nguo Tushone Bure



Kuna neno limekuwa kama uradi kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanawake hapa visiwani: "Elimu haiuzwi." Mwenzetu anatayarisha somo lake la kukata abaya. Anasubiri watoto walale ndiyo arekodi, video anaitengeneza kwa simu hiyo hiyo, kisha anatangaza kwa bei isiyofika hata doti ya kanga. Wanalipa watu wanne. Wiki haijesha, video zote zimo kwenye grupu la watu mia mbili na chini yake pameandikwa, "Sambazeni mashoga, sadakatul jariya." Akilalamika anaitwa mchoyo.

Sisi tunaosema hapa ni mafundi cherahani, na tunauliza: hiyo sadaka imetoka kwenye mali ya nani? Tangu lini mtu akachinja mbuzi wa jirani, akagawa nyama mtaa mzima, na thawabu akaziandika kwa jina lake? Ada ya chuoni kwa mwalimu anayewasomesha watoto wetu Kurani tunapeleka kila mwezi, na hatujasikia mtu akimwambia elimu haiuzwi. Anaambiwa fundi tu, tena fundi mwanamke.

Utasikia: "Kwani amepungukiwa na nini? Video si bado anayo?" Hili wanazuoni wamelijibu kabla hata simu hizi hazijaingia mikononi mwetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya OIC, lilikutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988 likapitisha kwamba haki ya utunzi, ya uvumbuzi na ya jina la biashara ni haki zenye thamani ya mali, sharia inazilinda, na haijuzu kuzivamia. Na Mtume wetu (SAW) alishatufundisha kuwa mali ya mtu haimhalalikii mwengine bila ya ridhaa ya mwenyewe. Kwa upande wa serikali, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na ipo COSOZA kwa kazi hiyo. Wengi wetu tukisikia hakimiliki akili inakwenda kwenye taarabu na kasida, lakini na video ya somo la ushoni ni kazi ya mtu.

Sasa hatutaki kumuonea mtu. Tunajua watu wananakili kwa nini. Msichana yuko Micheweni au Makunduchi, ana simu ya mkopo na kifurushi cha siku. Somo moja refu la video linakula kifurushi chote, na kama hakulimaliza, saa ishirini na nne zikifika MB zilizobaki zinapotea na hela hairudi. Suratul Mutaffifin inazungumzia wapunjao vipimo. Sisi tunaopima vitambaa kila siku tunaisoma kwa hofu, na tungependa na wauzaji wa vifurushi nao waisome wakae nayo. Halafu kuna siku hata mwenye hela hapati kitu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika na mtandao ukalegea nchi nzima. Oktoba 2025, siku za uchaguzi, mtandao ulizimwa kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na masomo yake kwenye memori kadi ndiye aliyeendelea kusoma.

Kwa hiyo kunakili peke yake si dhambi tunayoipigia kelele. Mtu amelipia somo, mdogo wake akaangalia kwenye simu hiyo hiyo, au mama akawekewa kwenye flashi kwa kuwa kijijini kwao mtandao ni wa kupanda juu ya mti: hilo ni kama kumuazima mwenzio mkasi. Ugomvi wetu ni na maadmini wenye "maktaba". Wanakusanya masomo ya watu kumi na tano, wanayapanga vizuri, kisha kuingia grupuni unalipa shilingi elfu mbili. Yaani elimu haiuzwi ikiwa kwa mwenyewe, ikifika kwa admini inauzwa.

Na anayeumia hapo si kampuni kubwa ya ng'ambo. Mafundi wa Nigeria na Uturuki wanaofundisha YouTube hulipwa na matangazo, tena kadiri tunavyowaangalia wengi wanazidi kufurahi. Anayeumia ni mwalimu mdogo wa Kiswahili, ambaye wanafunzi wake hawajai hata ukumbi mmoja. Huyo akivunjika moyo mara mbili, anaacha. Tumeshawaona. Waliokuwa wakitufundisha kola ya kanzu, mkono wa dera, na namna ya kuilaza hariri isikimbie chini ya sindano, leo wanapandisha picha za nguo zilizokwisha tu, na ukiuliza unaambiwa "karibu dukani". Hatuwalaumu hata kidogo. Lakini yule msichana aliyeishia kidato cha pili, ambaye Kiingereza cha video za nje kinampita, ndiye aliyebaki bila ya mwalimu. Wasambazaji wanasema wanamsaidia yeye, na yeye ndiye waliyemfungia mlango.

Kuna na hili la programu za darizi, wala halizungumzwi. Mtu ananunua mashine ya darizi ya kompyuta kwa mamilioni, na muuzaji anamtilia kwenye flashi programu ya kuchorea iliyovunjwa kufuli. Baada ya miezi miwili kompyuta imejaa virusi na michoro ya Eid imekwenda. Hamna haja hiyo, mashoga! Ipo Ink/Stitch inayofanya kazi ndani ya Inkscape, ni ya kuchorea darizi, na ipo Seamly2D ya kuchorea patani kwa vipimo vya mteja. Zote ni bure na halali, wenyewe waliozitengeneza wameruhusu zitumike na zigawiwe. Kujifunza kwake kunataka subira, hatukatai. Lakini hizo ndizo za kuweka kwenye flashi na kupelekeana Unguja na Pemba, na hapo neno "sambazeni" litakuwa mahala pake.

Walimu wetu nao tunawaomba kitu. Msiuze kwa viungo vya mtandao peke yake. Somo litilieni kwenye memori kadi, bei iwe ya mtu wa shamba, na semeni wazi sehemu gani mmeruhusu kusambazwa na ipi hapana. Na skuli zenye kompyuta na mtandao, zinazofungwa kufuli wanafunzi wakishatoka, kwa nini zisifunguliwe jioni mbili kwa wiki kwa wanawake? Umeme upo na viti vipo.

Maadmini, msingoje Ramadhani ifike. Yafuteni masomo hayo au mtakeni mwenyewe halali yake, na msimtumie sauti ya "nisamehe kama nimekukosea" ile inayopelekwa kwa watu wote kwa pamoja. Na zile elfu mbili mbili mlizokusanya zina mwenyewe, na namba yake ya simu imeandikwa mwanzoni mwa kila video.