Kiuno cha mchimbaji nacho ni ajali ya kazi

SAFU YA KILA WIKI
Na Mwamba Kalenga

Mfuko wa mawe ukijazwa na kushonwa mdomo hupita kilo 50 kwa urahisi. Kijana mmoja anauvuta kwa kamba kutoka shimoni, mwenzake anajitwika begani, anapanda nao mteremko wa udongo unaoteleza mpaka palipo pikipiki. Kesho anarudia. Udongo ulipowafunika zaidi ya watu 40 kwenye mgodi wa KOV, hapa Kolwezi, mwezi Juni 2019, nchi nzima ilisikia, na ilikuwa haki isikie. Lakini viuno vinavyokatika kila siku mjini humu havina wa kuvihesabu.

Kila pingili ya uti wa mgongo imetenganishwa na mwenzake kwa kijisahani chenye ute katikati. Mtu akiinama, akabeba mzigo, halafu akageuka upande mguu ukiwa umekwama, kijisahani kile kinabanwa sehemu moja mpaka ute unasukuma ukuta wake. Ute huo ukigusa mshipa wa fahamu, maumivu yanashuka kutoka tako mpaka unyayoni, na mguu unakufa ganzi. Mama zetu wanaoosha mawe majini wanaupata ugonjwa huohuo bila kubeba mfuko hata mmoja, kwa kuinama tu asubuhi mpaka jioni, na juu yake magoti na vifundo vya mikono.

Dawa wanazokimbilia tunazijua: sindano ya diklofenaki dukani, au tramadoli ya kumwezesha mtu kurudi shimoni siku ileile. Hilo linaniumiza sana. Maumivu yamezimwa, jeraha liko palepale, na mzigo umerudi juu yake.

Ipo njia ya mikono. Huko Marekani, mwaka 1895, Daniel David Palmer alianzisha kairopraktiki mjini Davenport, tiba ya kunyoosha pingili na viungo kwa mikono. Mwanzoni alidai inaponya karibu kila ugonjwa, na dai hilo halikusimama. Lakini kwa maumivu ya kiuno, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitaja kunyoosha mgongo kwa mikono, kukanda, mazoezi na kumfundisha mgonjwa miongoni mwa tiba zinazofaa kwa maumivu yaliyokaa muda mrefu. Dawa za jamii ya tramadoli lilisema zisitumiwe kwa kawaida. Kwetu Kongo anayeshika kazi hii ni mtaalamu wa kinesiterapia, tunayemwita kine, na hospitali kubwa zinamfahamu. Wengi wenye maumivu ya mguu yatokayo kiunoni hupata nafuu baada ya wiki au miezi michache bila kupasuliwa, wakiendelea kutembea badala ya kulala kitandani.

Hapa sharti niwe mkali. Kifua kikuu kinakaa na wachimbaji, na kinaweza kuingia ndani ya pingili na kuzila. Mgongo wa namna hiyo ukivunjwavunjwa na fundi wa mtaani, mtu anaweza kupooza. Mwenye homa za usiku na kukonda, aliyeanguka shimoni, anayelegea miguu, aliyeshindwa kuzuia mkojo au aliyekufa ganzi kati ya mapaja, asiguswe na mkandaji yeyote. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye mkataba wa kampuni analipiwa na mwajiri wake mchango wa ajali na magonjwa ya kazi katika CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Mchimbaji wa mikono hana mwajiri, kwa hiyo jeraha lake linahesabiwa kuwa shida ya nyumbani. Sikubali. Jiwe lake linaingia depo ya Musompo, linauzwa, linavuka mpaka, linalipiwa kodi. Mgongo uliolitoa ni mgongo wa kazi.

Na pesa isisingiziwe. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazipa komini na sekta zenye migodi asilimia 15 ya mrabaha, na jimbo asilimia 25. Kampuni nazo zinadaiwa asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Mshahara wa kine mmoja, chumba kimoja na mkeka wa mazoezi katika kituo cha afya kilicho karibu na machimbo havitaitikisa fedha hiyo.

Jambo la pili, kupunguza uzito wa mfuko, halihitaji hata bajeti. Depo inanunua kwa kilo na kwa kiwango cha madini, hivyo mfuko wa kilo 25 haumpunguzii mnunuzi chochote. Anayeumia ni mbebaji anayelipwa kwa idadi ya mifuko, kwa sababu mfuko mkubwa unamlipa safari moja kwa mzigo wa mbili. Vyama vya ushirika viandike kanuni ya mfuko wa kilo 25 na kumlipa mbebaji kwa kilo.

Wakuu wa komini za Dilala na Manika, mkuu wa sekta ya Luilu na viongozi wa Fungurume: mnapopanga matumizi ya mrabaha wa mwaka ujao, andikeni humo mstari wa kine. Nanyi wasomaji, waulizeni kama umeandikwa.