"IKO KWENYE BAJETI, MAMA"

Najua wengi wenu mkiliona tu neno bajeti mtafunua ukurasa unaofuata mkatafute mashairi na vichekesho. Msiwe na haraka, tafadhali. Nina kisa cha choo, na mbele ya choo hakuna mkubwa wala mdogo.

Shangazi yangu anauza nyanya na sukuma wiki katika soko la mjini kwetu. Kila asubuhi, kabla hata hajauza fungu moja, hutoa shilingi 50 akapewa tiketi ya kanjo. Nasema kanjo kwa sababu ndivyo tusemavyo sote, ingawa mabaraza ya miji pamoja na mameya wake yalikwisha baada ya uchaguzi wa Machi 2013, serikali za kaunti ziliposhika hatamu. Siku hizi mji wetu una bodi ya manispaa iliyo chini ya kaunti. Baraza lilikufa, jina lake likabaki sokoni likiendelea kudai ushuru!

Shilingi 50 kwa siku 6 za wiki, kwa wiki 52, ni shilingi 15,600 kwa mwaka. Kwa fedha hizo shangazi hapati hata mahali pa kujisaidia. Choo cha soko kilipigwa kufuli kabla ya Krismasi iliyopita, na akina mama wanaoshinda pale tangu saa kumi na mbili asubuhi huenda kuomba katika mkahawa ulio ng'ambo ya barabara, ambako hutozwa shilingi 10 kila waingiapo. Wengine wameamua kutokunywa maji mchana kutwa. Shangazi ni mmoja wao, na kule zahanati wamekwisha kumwonya kuhusu figo zake.

Basi likizo ya Aprili tulisikia kuwa wananchi wanaitwa ukumbini kutoa maoni juu ya bajeti. Hii si hisani ya mtu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 201, inasema wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Lakini hebu sikieni siku iliyochaguliwa: Jumanne, saa nne asubuhi. Jumanne ndiyo siku kuu ya soko letu. Wanaolipa ushuru huo kila siku ndio wasioweza kabisa kufika. Shangazi alimwachia jirani kibanda, akanishika mkono akaniambia, "Wewe ndiwe msomi wetu. Twende ukanisomee."

Wallahi, sikumsomea kitu. Tulisalimiwa kwa Kiswahili sanifu. Tuliombewa dua kwa Kiswahili. Tulichekeshwa kwa Kiswahili mpaka wazee wakajifuta machozi. Zilipofika fedha, Kiingereza kikaingia na kukaa kiti cha mbele, na hakikuondoka hadi soda zilipoletwa. Kitabu chenyewe cha makadirio, kinene kama matofali mawili, kilikuwa na nakala chache tu, zote kwenye meza ya wageni wa heshima.

Shangazi hakuogopa. Alisimama, akarekebisha leso yake, akauliza, "Wanangu, choo chetu kitafunguliwa lini?" Afisa aliyejibu alikuwa mtu mpole, na sitaki kumsingizia ubaya. Alitabasamu akasema, "Iko kwenye bajeti, mama." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Shangazi akaketi, naye akapiga makofi. (Mwalimu wetu angemsahihisha afisa huyo kwamba choo "kimo", wala si "iko", lakini hilo silo kosa lililoniumiza.)

Jioni ile nilikitafuta kitabu hicho kwenye tovuti ya kaunti kwa simu ya shangazi. Nilikaa nacho siku tatu, kamusi mkono wa kulia, kikokotoo mkono wa kushoto. Nilipita mishahara, nikapita mafuta ya magari, nikapita marupurupu ya safari, na siku ya tatu nikakiona choo chetu, mstari mmoja mwembamba chini ya jedwali. Afisa hakuwa amesema uongo. Choo kimo. Ila jedwali lile lina safu tatu za fedha. Ya kwanza ni ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Ya pili na ya tatu ni makisio ya miaka miwili inayofuata, ambayo hayajapitishwa na mtu yeyote na yanaweza kubadilishwa mwakani. Kwenye safu ya kwanza, mbele ya choo chetu, palikuwa na kistari. Kwenye ya pili, kistari. Fedha zilikuwa zimeandikwa kwenye safu ya tatu.

Nilipomweleza shangazi alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nilipigia makofi kistari?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sisemi kwamba kuna mtu amekula fedha za choo. Sina ushahidi huo, na isitoshe, kazi ya kukagua hesabu ina mwenyewe, ambaye ni Mkaguzi Mkuu. Tena nakubali kwamba fedha hazitoshi. Wafagiaji lazima walipwe, taka zizolewe, taa za barabarani ziwake. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na mishahara inaivuta shuka hiyo upande wake kila mwaka. Laiti afisa angesema, "Mama, mwaka huu hapana, labda mwaka wa tatu," tungekasirika, lakini tungejua la kufanya. Shangazi alinyimwa nafasi ya kukasirika kwa wakati unaofaa, na alinyimwa kwa sababu ya lugha.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka makadirio yaliyoidhinishwa yachapishwe kwa namna iliyo wazi na inayoeleweka na wananchi kwa urahisi. Inayoeleweka na nani, jamani, kama si na mama anayelipa shilingi 50 kila siku?

Kuna rafiki yangu wa kidato cha nne aliyenicheka akisema Kiswahili hakina maneno ya mambo kama hayo. La hasha! Makadirio, kasma, ruzuku, zabuni, bakaa, malimbikizo ya madeni, matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo: yote yamo kamusini yakisubiri kazi. Jirani zetu wa Tanzania husomewa bajeti nzima ya taifa kwa Kiswahili bungeni Dodoma kila mwaka, na shilingi yao haijakataa kuhesabiwa. Sisi katika chama hiki tumeshindana kukariri ngeli na misemo mpaka tukapewa vikombe. Vikombe viko kabatini. Mstari wa choo hakuna aliyeutafsiri.

Mwezi wa Mei tuliandika barua kwa Kiswahili kwa karani wa Bunge la Kaunti, maana sheria ya serikali za kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni humo. Akina mama 13 walitia sahihi, wawili kwa kidole gumba. Barua ilipokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninayo. Bajeti ilipitishwa mwisho wa Juni, kistari kikiwa pale pale. Mwezi wa Julai alikuja kijana mmoja na futi, akapima mlango wa choo na ukuta, akaandika kwenye daftari, akaenda zake. Hatujui alitumwa na nani. Kufuli bado ipo.

Sasa naleta ombi langu kwa chama, na walimu walezi mnisikie. Kabla ya tarehe 28 Februari kaunti itapeleka bungeni waraka wake wa mkakati wa fedha. Kabla ya tarehe 30 Aprili itapeleka makadirio mapya. Hatuwezi kutafsiri matofali mawili, nami siombi hivyo. Naomba tutafsiri kurasa za wadi yetu na za soko tu, karatasi moja, mbele na nyuma, kila safu ikiandikwa mwaka wake kwa herufi kubwa. Mwalimu wa masomo ya biashara amekubali kutukagulia tarakimu. Karatasi hiyo tuibandike pale dirishani zinapokatwa tiketi za ushuru, wiki moja kabla ya mkutano wa ukumbini.

Mkutano wa kwanza wa chama muhula ujao nitakuja na jedwali la mwaka huu tulifanyie mazoezi. Wa kamusi aje na kamusi. Gundi shangazi amesema atanunua yeye.